VAT: Kabwela hulipa kwa jasho, kigogo hulipa kwa chenji

Ndugu msomaji, maneno haya niliyatoa kwanza kwa mdomo, mbele ya viongozi wa matawi na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Baadaye wengi waliomba yachapishwe ili wayasome taratibu, kalamu ikiwa mkononi. Nayatoa hapa karibu kama nilivyoyasema, ila sasa nakusemesha wewe. Kwa hiyo nawe chukua kalamu, maana kuna hesabu mbele, na hesabu hizi ukizikwepa wewe watakupigia wengine.

Nianze na swali nililowauliza wale akina mama. Nani hapa halipi kodi? Mikono mingi ilinyooka. Muuza maandazi alisema halipi. Mama lishe akasema analipa ushuru wa soko tu, mambo ya kodi ni ya wenye maduka na wenye mishahara. Kijana mmoja mwenye toroli akasema yeye hajawahi hata kuona ofisi za TRA zilivyo ndani.

Wote walikuwa wanasema wanachokiamini. Na wote walikuwa wamelipa kodi asubuhi ileile kabla ya kufika kwenye kikao. Aliyeoga kwa sabuni alilipa. Aliyepiga simu kumuuliza mwenzake kikao kinaanza saa ngapi alilipa. Aliyepanda daladala alilipa sehemu ya kodi ya mafuta, nayo ilikuwa imefichwa ndani ya nauli. Hakuna aliyewagongea mlango kuwadai, ndiyo maana hawakujua.

Wenye umri wangu mnakumbuka kodi ya maendeleo. Ile ilikuwa kodi ya kichwa: mtu mzima analipa kwa sababu ni mtu mzima, awe na ng'ombe mia au awe na jembe moja. Mgambo walipopita kijijini, wanaume walilala porini. Mwaka 2003 kodi hiyo ilifutwa na watu wakashangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini miaka mitano kabla yake, tarehe 1 Julai 1998, ilikuwa imeingia kodi nyingine isiyohitaji mgambo wala risiti ya kuonyesha kizuizini. Ilichukua nafasi ya kodi ya mauzo, ikaanza kwa kiwango cha asilimia 20. Mwaka 2009 ikashushwa hadi 18, na hicho ndicho kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara hadi leo. Jina lake Kodi ya Ongezeko la Thamani. Wengi tunaiita VAT.

Kodi unayoiona inakuja, unaikimbia au unaidai maelezo. Hii huioni, kwa hiyo unailipa kimya kimya, na serikali yoyote duniani inaipenda kwa sababu hiyo.

KODI INAVYOINGIA KWENYE SABUNI

Hebu tufuatilie katoni ndogo ya sabuni. Tuseme kiwanda kinaiuza kwa shilingi 1,000. Kinaongeza asilimia 18, yaani shilingi 180, na hizo zinapelekwa TRA. Mwenye duka la jumla anaiuza kwa 1,200, anaongeza VAT ya 216. Lakini yeye alishalipa 180 kiwandani, kwa hiyo anazikata na kupeleka 36 tu. Mwenye duka kubwa la rejareja anaiuza kwa 1,500, anaongeza 270, anakata zile 216, anapeleka 54. Jumlisha 180, 36 na 54. Unapata 270.

Sasa jiulize: nani katika mnyororo huu aliyetoa hizo 270 mfukoni mwake? Kiwanda kilirudishiwa na mwenye jumla. Mwenye jumla alirudishiwa na mwenye duka. Mwenye duka alirudishiwa na wewe. Na wewe huna wa kukurudishia, kwa sababu sabuni umeifulia nguo, imekwisha. Wale wote walikuwa wapagazi wa kodi. Mlipaji ni wewe uliye mwisho wa njia.

Mtu atasema: mimi sinunui duka kubwa, nanunua kwa Mangi mtaani, naye hana mashine ya risiti wala hajasajiliwa kwenye VAT. Ni kweli, wenye mauzo madogo sheria haiwalazimishi kusajiliwa. Lakini Mangi naye alinunua kwa mwenye jumla aliyesajiliwa. Alilipa VAT huko, na kwa kuwa hajasajiliwa hana pa kuidai. Hivyo anaiingiza kwenye bei ya kile kipande cha sabuni anachokukatia. Kodi imo. Kinachokosekana ni karatasi ya kukuonyesha tu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi huwachanganya. VAT ni asilimia 18 ya bei kabla ya kodi. Ukitaka kujua ni kiasi gani kimo ndani ya bei unayolipa dukani, gawanya kwa 118, zidisha kwa 18. Katika shilingi 1,000 ya bidhaa yenye VAT, karibu shilingi 152 ni za serikali. Shika hiyo: katika kila shilingi 100, kama 15 hivi.

Salio la simu ni zaidi. Huko kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 hivi, halafu VAT ya 18 inapigwa juu ya bei ambayo tayari ina huo ushuru. Kodi inatozwa kodi! Piga hesabu yake: kwenye salio la shilingi 1,000, zaidi ya shilingi 270 ni kodi. Muuza samaki wa Feri anayepiga simu kuulizia bei na mkurugenzi anayepiga simu kuulizia mchezo wa gofu wanakatwa sawasawa.

HESABU YA NYUMBA TATU

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Wakubwa wanasema: kodi ya ulaji ni ya haki, kwa sababu kila mtu analipa kiwango kilekile, asilimia 18, na anayenunua zaidi analipa zaidi. Neno tamu. Hebu tulipime.

Chukua nyumba tatu za mfano. Nimezibuni mimi ili hesabu ieleweke, nawe unaweza kuweka namba zako mwenyewe.

Nyumba ya kwanza ni ya mama lishe, inaingiza shilingi 200,000 kwa mwezi. Zote zinatumika, hakuna kinachobaki. Nusu, yaani 100,000, inakwenda kwenye mambo yasiyo na VAT: mchele, maharage, mboga, kodi ya chumba. Nusu ya pili inakwenda kwenye sabuni, vocha, dawa ya meno, ndoo, madaftari, kanga, na vitu vingine vya dukani vyenye VAT. Katika hiyo 100,000, VAT ni shilingi 15,254.

Nyumba ya pili ni ya karani, inaingiza 800,000. Inaweka akiba 100,000, inatumia 700,000, na nusu ya matumizi yake, 350,000, ni vitu vyenye VAT. Kodi iliyomo ni 53,390.

Nyumba ya tatu ni ya kigogo, inaingiza milioni 6. Anatumia milioni 3. Hizo nyingine tatu anawekeza: kiwanja Bunju, hisa, amana benki. Nusu ya matumizi yake, milioni 1.5, ni vitu vyenye VAT. Kodi iliyomo ni 228,814.

Mtetezi wa kodi hii atapiga meza: si mnaona? Kigogo amelipa shilingi 228,814, mama lishe amelipa 15,254 tu. Kigogo amelipa mara 15!

Ni kweli, amelipa mara 15. Lakini kipato chake ni mara 30.

Sasa tupime kodi kwa kipato badala ya kuipima kwa risiti. Mama lishe ametoa karibu shilingi 76 katika kila 1,000 aliyoipata. Karani ametoa karibu 67. Kigogo ametoa 38. Kadiri unavyopanda ngazi, mzigo unapungua. Na angalia kwamba nimewapa wote watatu nusu kwa nusu, sikumpendelea yeyote. Kilichosababisha tofauti ni kitu kimoja tu: mwenye kidogo analazimika kutumia chote, na mwenye kingi anaweza kukiacha kingine kando. VAT inatozwa kwenye matumizi. Akiba haina VAT. Tonge lina bei yake ya lazima, na aliye na tonge moja hawezi kulihifadhi.

Tena kile anachokatwa mama lishe si sawa na anachokatwa kigogo, hata kama asilimia zingelingana. Shilingi 15,254 za mama lishe ni mkaa wa wiki, ni sare ya mtoto, ni dawa. Laki mbili za kigogo zikitoka, kiwanja cha Bunju kitachelewa kidogo. Hakuna atakayelala njaa.

MSHAHARA UNA HURUMA, DUKA HALINA

Linganisha na kodi ya mshahara. Tangu Julai 2020, mfanyakazi wa Bara anayepata hadi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mapato hata senti moja. Akipita hapo anakatwa asilimia 8 ya kile kilichozidi, na viwango vinapanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 30 kwa kile kinachozidi milioni 1.

Sheria hii inakiri jambo zito. Inakiri kwamba shilingi 270,000 za kwanza ni za kuishi, na kwamba si haki serikali kuweka mkono wake kwenye sahani ya mtu anayejitahidi kuishi. Ni sawa kabisa. Basi mbona shilingi zilezile, zilizosamehewa kwenye karatasi ya mshahara, zinakamatwa zikifika dukani? Mama lishe wa 200,000 amesamehewa mlango wa mbele, akadakwa mlango wa nyuma. Mashine ya risiti haiulizi umetoka wapi wala umebakiwa na nini.

MAHINDI HAYANA MIGUU

Sasa nije kwenye ule utetezi wa pili, nao una ukweli ndani yake, na sisi hatutaki kuwa watu wa kupinga kila kitu. Wanasema: chakula cha kabwela hakina VAT. Kweli. Mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa yamesamehewa. Na mkulima wa Sumbawanga anayekula mahindi ya ghala lake, anayepika kwa kuni alizookota, analipa VAT kidogo sana kwa sababu ananunua kidogo sana. Bila msamaha huo, zile 76 za mama lishe zingekuwa nyingi zaidi. Anayeutetea msamaha huo anatetea jambo jema, na siku yoyote ukiguswa tusimame.

Lakini mahindi hayana miguu. Yanapandishwa lori Sumbawanga kuja Tandale, na lori linakunywa dizeli. Mafuta ya magari hayana VAT kwetu, ila yana ushuru wa bidhaa na tozo za barabara na nyinginezo, zinazohesabiwa kwa kila lita. Julai 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Barabara tunazitaka, hakuna anayebisha. Ila tujue nani amelipa. Mwenye gari lake alilipa kwenye pampu, akaona. Asiye na gari alilipa kwenye nauli na kwenye debe la mahindi, hakuona.

Kisa cha mafuta ya taa kinafundisha zaidi. Kwa miaka mingi yalitozwa ushuru mdogo kwa sababu ndiyo taa na jiko la asiye na umeme. Wafanyabiashara wajanja wakaona upenyo: wakayachanganya kwenye dizeli, wakapata faida nono, injini za watu zikafa. Uchakachuaji. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha mno ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe tena. Jirani zetu wa Kenya nao mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 za kwao kwa lita ya mafuta ya taa, kwa sababu hiyohiyo. Hesabu ya wataalamu ilikuwa safi. Lakini aliyechakachua ni mwenye lori la mafuta, na aliyepewa adhabu ni bibi mwenye koroboi.

BEI MOJA KWA WOTE

Kama VAT ina kasoro, kuna kodi zilizoizidi: zile za bei moja kwa wote. Hizo ndizo ndugu wa damu wa kodi ya maendeleo.

Mwaka 2013 Bunge lilipitisha shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu. Mwenye laini ya kupokea pesa za mtoto wake, 1,000. Mwenye laini ya kuendeshea kampuni, 1,000. Wananchi walipiga kelele mpaka ikafutwa.

Julai 2021 kodi ya majengo ikahamishiwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ikawekewa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Za ghorofa zilipangiwa zaidi, sawa. Lakini nyumba ya chini ya Manzese yenye bati lililotoboka, na jumba la chini la Masaki lenye bustani na walinzi, zikawekwa kwenye kapu moja. Shilingi 1,500 kwa mwenye 200,000 ni karibu shilingi 8 katika kila 1,000 yake. Kwa mwenye milioni 6 ni robo ya shilingi katika kila 1,000.

Na anayenunua umeme ni nani? Mara nyingi ni mpangaji. Serikali ilisema mpangaji amkate mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja Mbagala, aliyechelewa kodi ya chumba kwa wiki mbili, aende akamwambie mwenye nyumba "nikate 1,500 zangu"? Anayetoa ushauri huo hajapanga chumba siku za karibuni. Kodi ya majengo, ambayo ilipaswa kuwa kodi ya mwenye mali, kwa mlango wa LUKU ikageuka kuwa kodi ya mwenye kuwasha taa.

Mwezi huohuo wa Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, kwa kutuma na kwa kutoa. Hapa hata neno ulaji halifai. Kijana wa Kariakoo akimtumia mama yake Kondoa 30,000 ya matibabu, bado hajala kitu. Amehamisha pesa tu kutoka mfuko mmoja wa ukoo kwenda mwingine. Mwenye fedha nyingi ana njia nyingi za kuzihamisha. Mwenye 30,000 ana simu. Baada ya vilio, tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka uleule, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena.

Utaona, ndugu msomaji, kwamba mara zote hizo kilichosaidia ni sauti za watu waliojua wanatozwa nini. Kodi ya laini watu waliielewa siku ileile, ikafa. VAT kwenye sabuni haijawahi kupigiwa kelele hata siku moja, na si kwa sababu ni ndogo.

WATETEZI WANASEMAJE

Tusijidanganye, hoja za upande wa pili zipo na lazima tuzijibu kiutu uzima.

Hoja moja ni hii: ukifuta VAT kwenye bidhaa, bei haishuki, wafanyabiashara wanameza tofauti. Na wana mfano mkononi. Mwaka 2018 taulo za kike zilisamehewa VAT, wasichana wakafurahi. Mwaka 2019 Serikali ikaurudisha mkono, ikasema bei dukani hazikushuka kama ilivyotarajiwa. Jambo hilo halina budi kutufundisha, na mimi naona mafunzo mawili.

La kwanza, kusamehe kodi bila kuangalia bei ni sawa na kumwaga maji kwenye gunia. Kama Serikali ina mashine za risiti nchi nzima za kuangalia mauzo, basi ina macho ya kuangalia bei pia. La pili ni la kitaalamu kidogo, lakini tulielewe. Kuna msamaha, na kuna kiwango sifuri. Bidhaa ikisamehewa, kiwanda hakitozi VAT kwa mnunuzi, lakini pia hakirudishiwi VAT kilicholipa kwenye vifungashio, mashine na malighafi. Kodi hiyo ya ndani inabaki kwenye bei. Bidhaa ikiwekwa kiwango sifuri, kiwanda hakitozi, na kile kilicholipa kinarudishiwa. Hapo kodi inatoka kweli, na mwenye kiwanda hana kisingizio. Kwa hiyo ukisikia bungeni neno "msamaha", usipige makofi haraka. Uliza ni msamaha au sifuri.

Hoja nyingine: kusamehe bidhaa kunamsaidia tajiri pia, kwa kuwa naye ananunua. Hii nayo ni kweli. Ukiondoa VAT kwenye jibini na soseji, umewasaidia watu wachache ambao hawakuomba msaada. Ndiyo maana mimi siombi misamaha mia. Orodha ndefu ya misamaha ni shamba la wajanja, na nchi hii imelalamikia misamaha ya wakubwa kwa miaka mingi mpaka sheria mpya ya VAT ya 2014 ikaja na ahadi ya kuipunguza. Naomba vitu vichache ambavyo maskini na tajiri wanavitumia kwa kiasi kinachokaribiana: sabuni ya kufulia ni mfano, taulo za kike ni mfano. Tajiri hanunui sabuni ya kufulia mara 30 ya mama lishe, kwa kuwa mwili wake ni mmoja.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito: bila kodi za ulaji, hospitali na shule zitajengwa na nini? Nakubali. Nchi ambayo wengi hawana karatasi ya mshahara haiwezi kuishi kwa kodi ya mshahara peke yake. Na kodi ya ulaji ikimrudia aliyeilipa, mizani inaweza kukaa sawa. Mtoto wa mama lishe akisoma bila ada, kama ilivyotangazwa kuanzia 2016 hadi kidato cha nne, na zahanati ya mtaa ikiwa na dawa, zile 15,254 zimerudi nyumbani, huenda na zaidi. Lakini akiandikiwa dawa akanunue mwenyewe, akachangishwa madawati na mlinzi, amelipa mara mbili. Haki ya kodi hupimwa inapoingia na inapotoka.

TUDAI NINI

Kila Juni bajeti inasomwa Dodoma. Redio zinatuambia bia imepanda na sigara zimepanda, tunacheka, tunalala. Mwaka huu tusilale. Mwulize mbunge wako, wa chama chochote, mambo manne.

Kwanza, kila kodi au tozo mpya ya ulaji isomwe na jedwali lake: itachukua kiasi gani katika kila 1,000 ya mwenye 200,000, ya mwenye 800,000, na ya mwenye milioni 6. Wataalamu wa Hazina wanaweza kuipiga hesabu hiyo. Kama mimi nimeipiga kwa kalamu, wao wana kompyuta.

Pili, vitu vichache vya lazima viwekwe kiwango sifuri, na bei zake zifuatiliwe na kutangazwa.

Tatu, tozo za bei moja zifuate uwezo. Kodi ya jengo ifuate thamani ya jengo na ilipwe na mwenye jengo.

Nne, kabla ya kurudi kwenye sabuni na vocha, kodi za walio nacho zikusanywe kwanza: mapato ya nyumba za kupangisha, viwanja vinavyolala bila kuendelezwa, faida za makampuni. Fedha zile tatu za kigogo ambazo VAT haikuziona, ziko mahali. Zitafutwe.

Na wala tusidhani haya ni mambo ya kitabuni. Juni 2024, Muswada wa Fedha wa Kenya ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, pamoja na kodi nyingine nyingi. Pendekezo la mkate liliondolewa, lakini hasira zilikuwa zimeshawaka. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bungeni Nairobi, damu ikamwagika, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatausaini muswada huo. Watoto wa watu hawakurudi nyumbani. Mimi naomba hapa kwetu hesabu hizi zipigwe mapema, mezani na kwa maneno, na wanaotunga kodi wawe wameulizwa kabla hawajaitunga.

Kazi yako wewe ni ndogo. Kwa mwezi mmoja, andika kwenye daftari la mtoto kila kitu unachonunua dukani. Mwisho wa mwezi jumlisha vile vyenye VAT, gawanya kwa 118, zidisha kwa 18. Kisha gawanya jibu hilo kwa kipato chako cha mwezi. Ukishaipata namba yako, iandike, na siku mgombea akija kuomba kura, kabla hajafungua mdomo kuhusu barabara, mwombe naye akuambie namba yake.